Mpwa wangu "kashushwa rizevu" huko Melbourne, bibi yake kanuna. Naombeni mnielezee huu mchezo wa Waaustralia

Mjomba wa Kibosho

Wakuu habari za jumapili. Naomba msaada kwa wenye uelewa maana hapa nyumbani hali sio nzuri.

Iko hivi, mdogo wangu wa kike anaishi Melbourne mwaka wa tisa sasa, upande wa magharibi wa jiji, ana vijana wawili na binti mmoja wa mwisho. Wote watatu wanacheza klabu moja ya mtaani kwao, sio soka, ni ule mpira wao wenyewe wa umbo la yai, wanaushika, wanaupiga teke, wanakamatana, wenyewe wanauita futi (sio futi ya kupimia mbao). Mimi video natumiwa kila wiki, naangalia mpaka mwisho, sielewi kitu najibu tu hongereni sana.

Shida ilianza mwaka jana. Dada kanipigia akaniambia kaka jumamosi hutanipata nina zamu ya kantini klabuni. Mi nikajua kapata kazi. Nikamwambia mama, mama akamwambia shangazi, shangazi ndo mnamjua walivyo mashangazi, hadi jumuiya nzima ikajua, na haukupita mwezi kuna mtu akaleta kadi ya mchango wa harusi yenye jina la dada, eti sasa hivi si yuko vizuri. Kumbe hiyo kantini halipwi hata senti tano! Anachoma soseji bure, na ada ya watoto kucheza analipa juu. Kadi tuliilipa sisi.

Sasa juzi kijana mkubwa, ana miaka 19, katuma meseji kwenye grupu la familia kwamba wiki hii kashushwa rizevu, na chini yake kaandika 11.9 (75) kwa 10.14 (74). Mama kasomewa ile meseji akaelewa kijana kafukuzwa. Tangu juzi hataki kuongea, anasema mjukuu wake kafanyiwa roho mbaya, na kama kuna namba ya huyo kocha apewe.

Kwahiyo naomba kujua, hiyo rizevu ni nini, hizo desimali ni nini, na ni klabu gani hii ambayo mtoto wa miaka 8, kijana wa 19 na mama mtu anayechoma soseji wote wamo?

---

ChaliiWaSakina

mkuu nimecheka hapo kwenye kadi ya harusi mpaka abiria wenzangu wananiangalia. nakaa siti ya mbele nasubiri wajuzi

---

Bendera Mbili

Mleta uzi pole, ila bibi mpe shikamoo yangu.

Nimeishi Footscray miaka miwili nikisoma, magharibi ya Melbourne penyewe hapo, ukishuka kwenye treni unapokewa na harufu ya kahawa ya Wahabeshi. Wikendi yangu ya kwanza natembea zangu na baridi ile ya mwezi wa sita (kwao ndo kipupwe) nikakuta uwanja, magari yameegeshwa kuuzunguka pua zikiangalia ndani, wazee wamekaa humohumo kwenye magari na hita, goli likifungwa wanapiga honi. Nikasimama kuangalia. Nilisimama misimu miwili.

Tuanze na mchezo ili hizo desimali zieleweke. Wako 18 kwa 18 uwanjani, na uwanja wenyewe nao ni yai, maana majira ya joto unachezewa kriketi. Mkubwa haswa, urefu unaanzia mita 135 mpaka 185, kwahiyo uwanja wetu wa soka unaingia mle ndani na watu wa kuchoma mahindi wakapata nafasi. Ofsaidi hakuna, kipa hakuna, nyavu hakuna, mwamba hakuna. Kuna milingoti minne kila upande, miwili mirefu katikati na miwili mifupi pembeni. Ukiupiga teke ukapita katikati ya ile mirefu bila kuguswa na mtu ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya mrefu na mfupi ni pointi 1, hiyo wanaita bihaindi, ni kama kifuta jasho.

Kwahiyo 11.9 sio desimali. Ni magoli 11, mara 6 ni 66, jumlisha zile 9 unapata 75. Wenzao wana magoli 10 na bihaindi 14, 60 na 14 ni 74. Yaani wale wamefika golini mara 24, kina mpwa wako mara 20, na bado kina mpwa wamewafunga kwa pointi moja. Mwambie bibi mjukuu wake kashushwa na kashinda siku hiyohiyo.

Mpira unaruhusiwa kuushika lakini kuurusha kama netiboli ni kosa, unaushika kwa mkono mmoja unaupiga ngumi kwa mwingine umfikie mwenzio. Ukikimbia nao basi kila mita 15 uudundishe au uuguse chini, sasa wewe chukua yai ujaribu kulidundisha likurudie mkononi huku jamaa wa kilo mia anakuja. Na kitu kitamu kuliko vyote ni maki: mpira ukipigwa teke ukasafiri angalau mita 15 na wewe ukaudaka kabla haujaguswa, refa anapuliza, ni wako, unapiga bila mtu kukusogelea. Ndo maana unawaona wanapanda juu ya migongo ya watu, mtu anaweka goti kwenye bega la mwenzake anadaka kule juu kabisa, na hiyo sio faulo! Mimi mara ya kwanza niliona nikajua ugomvi.

Jina langu humu limetokana na huo mchezo. Siku moja wanacheza watoto wa chini ya miaka 12, mzazi aliyepangwa kuwa refa wa goli hajatokea, kocha akaniona nimesimama peke yangu nyuma ya milingoti na jaketi langu, akanivalisha koti jeupe akanipa bendera mbili nyeupe, goli unapunga mbili, bihaindi unapunga moja. Rahisi. Robo ya tatu mpira ukagonga mlingoti mrefu ukaingia ndani, mimi na akili zangu za Simba na Yanga, umegonga mlingoti umeingia, nikapunga zote mbili kwa nguvu. Kumbe kwao ukigusa tu ule mlingoti mrefu ni pointi moja, hata ungeingia vipi. Honi zikalia, sio za furaha. Aliyekuja kuniokoa ni yuleyule mtoto aliyepiga, kanifuata na gadi yake ya meno mkononi akaniambia mzee, imegonga nguzo. Goli lake mwenyewe kalirudisha. Nikashusha bendera moja na aibu yangu.

Rizevu nakuja, naomba nile kwanza.

---

Mama Njiro

Nimeishi kule na mume wangu, tumerudi Arusha miaka mitatu iliyopita, naongezea upande wa wamama maana nyie mtamaliza kwenye milingoti.

Huyo dada yako kuchoma soseji sio kwamba kaonewa. Pale kila mzazi ana zamu. Leo kantini, wiki ijayo wewe ndo wa kukata machungwa ya mapumziko, mwingine anashika saa, mwingine anabeba maji, mwingine anafua jezi za timu nzima, na nikikwambia kufua jezi 24 zenye tope la mwezi wa saba usichukulie poa. Ukikosa zamu hawakupigii kelele, wanakuangalia tu. Mimi niliwahi kukosa moja, nilivyoenda jumamosi iliyofuata nilisalimia watu mara mbili mbili.

Binti yenu acheze bila hofu. Ligi kuu ya wanawake ilianza 2017, mechi ya kwanza kabisa Carlton na Collingwood watu 24,568 waliingia mpaka mageti yakafungwa wengine wakabaki nje. Baada ya hapo huku mitaani kila klabu ikawa inahangaika kuwajengea mabinti vyumba vya kubadilishia maana vilivyokuwepo vilikuwa vya wanaume tu. Wanawake wanacheza 16 kwa 16 kwenye ligi yao kuu. Na klabu nyingi zina netiboli pia, kwahiyo kama futi itamshinda anahamia kiwanja cha pembeni na jezi ileile.

Cha kumwambia dada ni kimoja tu, kichwa. Mtoto akigongwa akaonekana hayuko sawa, asibembelezwe na mtu. Mwongozo wao wa ligi za mitaani unasema akipata mtikisiko wa ubongo harudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na kabla ya hapo daktari amruhusu. Hilo halina cha fainali wala nini.

---

Bendera Mbili

Nimerudi. Mama Njiro shikamoo, hapo kwenye kusalimia mara mbili nimekuelewa sana.

Sasa rizevu. Mleta uzi, wewe unafikiria klabu kama timu. Pale klabu ni kama ukoo. Chini kabisa kuna Auskick, watoto wadogo kuanzia miaka mitano hivi, wanakimbizana tu na mpira laini. Halafu timu za watoto kwa umri, chini ya miaka 8 na kuendelea mpaka vijana. Halafu chini ya miaka 19. Halafu juu kuna kikosi cha kwanza na rizevu, ambayo ni timu B. Kuna wanawake. Na sehemu nyingi kuna maveterani wa miaka 35 kwenda juu ambao wanacheza dakika kumi wanaongea ishirini. Wote rangi moja ya jezi, uwanja mmoja, wimbo mmoja. Wakishinda wanaingia chumbani wanashikana mabega duara wanaimba wimbo wa klabu kwa kelele, hata wale wa miaka 9, na hakuna anayejali nani kaimba vibaya.

Jumamosi inapangwa hivi: asubuhi vijana, mchana rizevu, saa nane kikosi cha kwanza, uwanja uleule. Watoto mara nyingi jumapili. Kwahiyo kushushwa rizevu ni kwamba ametoka kucheza saa nane anacheza mapema, alafu anaoga anakaa kuwashangilia wenzake. Jumanne na alhamisi jioni wanafanya mazoezi pamoja wote, na alhamisi usiku ndo kocha anasoma majina, watu wamekaa wanakula. Wiki ijayo akisomwa juu yuko juu. Kijana wa 19 kwenye futi ya watu wazima ni mtoto, anagongana na mafundi ujenzi wa miaka 30.

Na kama bibi anataka mfano mwambie kuhusu Aliir Aliir. Kazaliwa kambi ya Kakuma hapo Kenya, wazazi wa Sudan Kusini. Sydney walimchukua 2013, mechi ya kwanza ya ligi kuu kacheza 2016. Hapo katikati alikuwa wapi? Huko chini na timu ya rizevu. Alivyohamia Port Adelaide, 2021 akaingia kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, naye North Melbourne walimchukua 2009 mpaka 2013 ndo kagusa uwanja wa ligi kuu. Hakuna bibi aliyempigia kocha simu (labda).

---

ChaliiWaSakina

sawa ila mi nauliza kitu, kwahiyo unalipa ada ili ucheze, mama yako anachoma soseji bure, anafua jezi 24, alafu alhamisi unasomewa jina uko timu B? oya hiyo sio timu hiyo ni adhabu. huku ndondo mtu anakufuata geto anakupa nauli na elfu kumi ukacheze

---

Veterani wa Pasua

Chalii elfu kumi hiyo unaipata mechi ngapi kwa mwaka? Ngoja niseme kitu kinachoniuma.

Sisi hapa Moshi tulikuwa na timu, mtaa sitaji, tulicheza mchangani miaka sita, tulifika mbali tu. Tulikuwa na mfadhili mzuri, Mungu ambariki popote alipo. Jezi seti mbili, mipira minne, zote zinakaa stoo kwake. Siku kapata uhamisho wa Dodoma kafunga mizigo na stoo yake, na jezi zikaenda. Hakuwa na nia mbaya jamani, zilikuwa kwenye magunia, nadhani alizikuta Dodoma. Ila timu ndo ilikufia hapo hapo kwenye lori. Hakuna aliyekuwa na daftari, hakuna mtoto hata mmoja tuliyekuwa tunamfundisha, sote tulikuwa washambuliaji na wote tunataka kuanza. Sasa nikisikia habari ya mama mmoja anakata machungwa mwingine anafua jezi naona pale hata kumi wakihama klabu bado ipo.

Swali langu kwa Bendera Mbili, uwanja ni wa nani? Na mchezaji wa kikosi cha kwanza analipwa?

---

Bendera Mbili

Mzee shikamoo. Hilo lori limenigusa.

Uwanja mara nyingi ni wa halmashauri, klabu inakodi kwa msimu, kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa, alafu watu wa kriketi wanauchukua. Na hiyo ndo asili ya mchezo wenyewe, 1858 kuna jamaa anaitwa Tom Wills, mchezaji kriketi, aliandika barua gazetini Melbourne kwamba kipupwe wachezaji wanakaa tu wananenepa, watafute mchezo. Mei 1859 wakakaa wakaandika sheria. Hiyo ni kabla ya Waingereza kuunda FA yao ya soka, ambayo ni 1863. Ukibishana na Muaustralia usiguse hapo.

Malipo inategemea ligi. Kuna ligi ya maamateur Melbourne, ipo tangu 1892, pale mchezaji halipwi kabisa. Ligi nyingine kikosi cha kwanza wanapata kitu kwa mechi ila imewekwa kikomo, maana kuna klabu zilikuwa zinanunua wachezaji mpaka kantini inakosa hela ya mkate. Na ligi zenyewe ni madaraja, unapanda unashuka kama huku, ila bingwa hapatikani kwa pointi za msimu, walio juu wanaingia fainali za mwezi wa tisa na wa mwisho kushinda ndo anachukua bendera. Wanaita hivyohivyo, bendera. Klabu inaweza kuongoza msimu mzima ikatoka mikono mitupu, nimewaona wazee wanalia kwenye magari yao na honi hawapigi.

Chalii, sio kwamba hujasema kweli, ada inauma, kuna familia za kwetu kule watoto watatu wanashindwa. Ila kocha wa mpwa wa huyu mkuu kuna jambo nadhani analifanya. Kwenye ligi nyingi ili uruhusiwe kucheza fainali za rizevu lazima uwe umecheza rizevu idadi fulani ya mechi, ili klabu zisishushe mastaa siku ya mwisho. Huyu ni mwezi wa nane. Inawezekana kijana anahesabiwa mechi ili awe huru kucheza huko chini kama juu hatapata nafasi.

---

Mjomba wa Kibosho

Wakuu nawashukuru sana. Nimempigia dada, kathibitisha hilo la kuhesabu mechi, anasema kijana mwenyewe ndo aliomba. Mama nimemsomea hapa uzi mzima (nimeruka ya ChaliiWaSakina). Hapo kwa yule mtoto aliyerudisha goli lake akatabasamu. Hapo kwa Kakuma akauliza huyo mtoto mama yake yupo? Nikamwambia mama mi najuaje.

Amekubali kula. Ila namba ya kocha bado anaitaka, anasema sasa ni ya kumshukuru.

Jumamosi tunaangalia pamoja kwa simu, saa nane yao ni saa moja asubuhi kwetu, rizevu wao inabidi tuamke usiku kabisa, kasema ataamka, huwa anaamka kukamua.

Swali la mwisho. Disemba walivyokuja waliacha mpira mmoja, ule mwekundu wa ngozi. Vijana wa hapa wameupiga humo migombani, ukidunda unaenda kushoto wote wanaenda kulia, wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho, sasa hivi kuna mmoja anaudundisha akikimbia mpaka mtoni. Umeisha upepo. Sindano yake ni ya kuagiza au?

---

Veterani wa Pasua

Sindano ni ileile ya mpira wa kawaida. Nenda Mbuyuni kwa mafundi baiskeli, ilowanishe kwanza kabla ya kuchoma, na usijaze sana. Na huo mpira usikae stoo kwa mtu mmoja.